Fundi wa Mwanakwerekwe na redio ya gari iliyozimika

Kwa muda wa wiki tatu, kuanzia katikati ya masika, niliendesha gari langu baina ya Fuoni na Mjini likiwa na kioo cheusi katikati ya dashibodi. Ni Toyota Noah lililotoka Japani, na redio yake ya kioo ndiyo pia inayoonyesha picha ya kamera ya nyuma. Redio hiyo ilizimika kabisa: haikutoa sauti, haikuwasha hata taa za vitufe vyake, na nilipotia gia ya kurudi nyuma sikuona chochote, ingawa gari lenyewe liliwaka na kwenda bila ya tatizo. Naandika tathmini hii kuhusu karakana ndogo ya umeme wa magari iliyopo Mwanakwerekwe, kwa sababu namna fundi wake alivyoitafuta hitilafu ndiyo huduma hasa niliyoilipia, na naamini wenye magari ya aina hii hapa Unguja watafaidika kuijua kwa undani.

Kabla ya kufika kwake nilikuwa nimepita gereji nyengine. Huko walitazama fyuzi kwa macho, wakaivuta redio kutoka mahali pake, wakapima plagi yake kwa mita na kuona volti 12, kisha wakahukumu kwamba umeme unafika, kwa hiyo redio ndiyo iliyokufa. Waliniambia ninunue nyengine kwa shilingi 450,000. Nilikaribia kukubali, kwani maelezo yao yalionekana kuwa na mantiki, na mtu asiyekuwa fundi hana la kujibu anapoonyeshwa namba kwenye mita.

Fundi wa Mwanakwerekwe hakushika bisibisi. Alianza kwa maswali: redio ilizimika ghafla au ilikuwa ikizima na kuwaka, ilikuwa ni baada ya mvua au siku kavu, na je, betri ilibadilishwa karibuni. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Maalim, kabla haijazima moja kwa moja, saa yake ilikuwa ikijirudisha mwanzo?" Nilikumbuka kwamba ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi mbili au tatu niliikuta saa imeanza upya na vituo vyote nilivyovihifadhi vimepotea, nami nikadhani ni uzee wa redio. Kwa swali hilo moja alikwishapata pa kuanzia, kwa sababu redio hizi huwa na waya wa umeme wa kudumu unaolinda kumbukumbu hata gari likizimwa, na saa inayojirudisha ni dalili kwamba njia hiyo ya umeme inakatika mahali fulani.

Alipima betri, ikasoma volti 12.5, nayo ni hali nzuri kwa gari lililosimama. Alizipima fyuzi pande zote mbili bila ya kuzichomoa, kwa vile fyuzi huweza kuonekana nzima ilhali imekatika pasipoonekana. Zote zilikuwa salama. Kwenye plagi ya redio alipata volti zile zile walizozipata wenzake wa mwanzo, katika waya wa kudumu na katika waya unaopata umeme funguo inapozungushwa. Mimi nilidhani sasa naye atasema redio imekufa.

Badala yake alichukua balbu ndogo ya taa ya breki, akaunga waya wake mmoja kwenye umeme wa plagi na mwengine kwenye waya wa eathi, yaani ule unaourudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari, wa plagi hiyo hiyo. Balbu ilitoa mwanga hafifu mwekundu. Aliuhamisha ule waya wa pili akaugusisha kwenye chuma kitupu cha bodi ya gari, na balbu ikawaka kwa nguvu. Alinieleza kwamba mita hunywa umeme mdogo mno, hata waya uliooza ukabakiwa na uzi mmoja huweza kuionyesha volti 12, lakini redio inapotaka kuwaka huhitaji umeme mwingi zaidi, na hapo ndipo njia mbovu inapojidhihirisha. Aliurudisha waya wa balbu kwenye eathi ya plagi, na balbu ikiwa imeungwa hivyo akapima baina ya waya wa eathi na ncha hasi ya betri. Palipopaswa kusoma karibu na sifuri, mita ilisoma zaidi ya volti 5. Umeme ulikuwa unafika vizuri, ila haukuwa na njia ya kurudi.

Eathi ya redio ilikuwa imefungwa kwa boliti kwenye bodi, pembeni mwa miguu ya abiria wa mbele, nyuma ya plastiki. Alipoifungua tuliona kutu ya kijani juu ya shaba na kapeti iliyolowa chini yake, na alipomwagia maji kioo cha mbele, yakaonekana yakichirizika kutoka kwenye mpira wa kona ya juu. Kwa hali ya hewa yetu ya chumvi na unyevu, maji kidogo ya masika yalitosha. Alikata ncha iliyooza, akafunga mpya, akasugua chuma kwa msasa hadi kikang'aa, akaipaka grisi baada ya kuikaza, na akaziba mpira wa kioo. Redio iliwaka.

Hata hivyo, iliwaka ikiwa na maandishi ya Kijapani yanayodai kadi ya ramani. Redio nyingi za Toyota za Japani hufanya hivyo zikipoteza umeme wote, na magari mengi hufika kwetu bila ya kadi hiyo, jambo linalowalazimu wenyewe kutafuta namba ya kuifungulia au kuitupa redio nzima. Yangu ilikuwamo tangu gari linafika, lakini katika gereji ya mwanzo waliichomoa na kuiweka katika droo ya dashibodi bila ya kuniambia. Fundi aliikuta, akaisafisha, akairudisha, na baada ya dakika chache kioo kilirudi katika hali yake. Nawasihi wenye magari haya waitunze kadi hiyo kama wanavyoitunza funguo ya akiba.

Kilichoniridhisha zaidi ni ukweli wake kuhusu mipaka ya kazi. Alinieleza kwamba redio kupona hakutaongeza vituo, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76 na redio za zamani kama yangu hukomea 90, ilhali vituo vyetu vimetandaa baina ya 87.5 na 108. Kuna kifaa cha kuhamisha masafa, lakini namba inayoonekana kwenye kioo haitakuwa ile ya kituo chenyewe, na alisema nisikifunge kama nasikiliza kituo kimoja tu. Alisema pia kwamba hitilafu ikiwa ndani ya saketi za redio yenyewe, hususan katika chipu ya kumbukumbu, yeye haigusi, bali huipeleka Dar es Salaam kwa boti.

Upungufu upo. Kazi hufanyika chini ya turubai, na mvua ikinyesha kila kitu husimama, ndiyo maana gari langu lililala huko siku mbili. Hakuna risiti wala dhamana ya maandishi, na hilo naliona ni kosa kwa fundi wa kiwango chake. Nililipa shilingi 15,000 za kupima, ambazo hudai hata asipotengeneza, na 30,000 za kazi. Ada ya kupima naiona ni ya haki kabisa, kwani ndiyo inayomwezesha kutafuta kwa utulivu bila ya kulazimika kumuuzia mtu kitu.

Vuli imepita sasa na saa haijajirudisha hata mara moja. Kilichobaki ni klipu mbili za plastiki ya dashibodi zilizovunjika, sijui kwa mkono wa nani kati ya gereji mbili, ambazo hutoa mlio njiani. Fundi ameniambia nipite baada ya sala ya Ijumaa azibadilishe bila ya malipo.