Kamera sita dukani, na vitufe vilivyoandikwa kwenye boksi ambavyo sikuviona

Nondo ishirini ndizo zilizonilazimisha nizijue kamera zangu. Kabla ya hapo, mwaka mzima na ushei, nilikuwa mtu wa kufungua simu usiku kabla ya kulala, nione geti limefungwa na mifuko ya saruji ipo, basi nalala. Nina duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, na stoo nyuma yake. Mwisho wa mwezi tukahesabu nondo za milimita 12, zikapungua ishirini. Sikuhangaika sana, maana boksi la kamera lilikuwa limeandikwa kwamba zinatofautisha mtu na gari, na kwamba mashine inaweza kukuletea vipande vyenye watu tu. Nikashika simu nitafute hicho kitufe. Hakikuwepo.

Nilicho nacho ni kamera nne za mtandao na NVR ya chaneli nane, yaani mashine inayorekodi video za kamera, vyote vya kampuni moja, seti niliyonunua Kariakoo. Miezi minane baadaye nikaongeza kamera mbili za stoo, za kampuni nyingine, kwa kuwa bei ilikuwa nafuu na muuzaji aliniapia kuwa zitaelewana na mashine yangu bila tatizo. Majina ya kampuni naomba niyaache. Mafundi wawili niliowauliza waliniambia mambo haya wanakutana nayo kwenye kamera za kila aina.

Nilianza kwa kumpigia fundi aliyefunga, ambaye siku hizi yuko Songea.

"Mama, hicho kitufe huwezi kukiona. Unatumia akaunti niliyokushirikisha. Mwenye mashine kwenye mfumo ni mimi."

"Mwenye mashine ni wewe? Hela alitoa nani?"

Akacheka, kisha akaomba radhi. Siku ya kufunga nilikuwa na wateja, sikutaka kusumbuliwa na habari za kujisajili, kwa hiyo akaisajili NVR kwa namba yake ya simu na kunipa ruhusa mbili: kuangalia mubashara na kurudisha nyuma. Mipangilio yote, taarifa za kwenye simu, utafutaji wa watu, vilibaki kwake. Na ubaya wa programu ile ni kwamba kitu usichoruhusiwa hakionekani hata kwa rangi ya kufifia. Hakipo tu. Ukilinganisha simu yako na picha zilizochapwa kwenye boksi utadhani umeuziwa feki.

Akaifuta mashine kwenye akaunti yake palepale, nami nikaisajili upya kwangu kwa kupiga picha msimbo wa QR ulioko chini ya NVR. Haikuchukua dakika kumi. Yule kijana simtuhumu kwa lolote, lakini usiku ule nilikaa kitandani nikiwaza kwamba kwa mwaka mzima mtu aliyeko Songea angeweza kunitazama nikihesabu pesa za mauzo. Nikaamka nikabadili na nenosiri la NVR yenyewe, maana hilo ni tofauti na la akaunti ya simu, na lilikuwa bado ni lile lile aliloliweka yeye.

Basi menyu zikafunguka. Kwenye kamera tatu za mbele sehemu ya kutambua watu na magari ikaonekana. Ya nne, ile ya geti, ambayo ndiyo niliyoihitaji kuliko zote, haikuwa nayo. Na modeli ni ile ile! Hapa nilipoteza siku mbili. Niliizima na kuiwasha, nikaisafisha kioo, nikakaribia kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani. Kumbe fundi alipoona diski inajaa mapema aliiwekea kamera ya geti aina ya ubanaji wa video iitwayo H.265+, ile yenye alama ya kujumlisha mwishoni. Inapunguza sana ukubwa wa video. Lakini kwenye kamera kama yangu, ukiiwasha inazima utambuzi wa watu, na onyo lake hutokea mara moja tu, siku ile unayobonyeza sawa. Nikairudisha H.265 ya kawaida, kamera ikajizima na kujiwasha, menyu ikarudi.

Bei yake ni diski. Hesabu ni rahisi: kamera inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku. Zidisha kwa sita, diski yangu ya terabaiti 2 haifiki siku nane. Nikashusha kila kamera hadi megabiti 2, nikanunua diski ya terabaiti 4, sasa nina karibu mwezi mzima. Picha imepungua ung'avu kidogo nikiikuza, lakini sura ya mtu getini bado inasomeka. Ukienda kununua diski sema ni ya kamera, zipo zilizotengenezwa kwa kuandikwa mchana na usiku. Ya kompyuta ya kawaida itafanya kazi, ila huenda isidumu.

Sasa za stoo. Hizi ndizo zilizonichosha.

Muuzaji hakudanganya, alisema nusu ya ukweli. Kamera na NVR za kampuni tofauti zinaelewana kwa utaratibu unaoitwa ONVIF, ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali viweze kufanya kazi pamoja. Kinachopita humo bila shida ni picha. Kwangu ilipita picha na taarifa ya kwamba kitu kimetikisika, na hapo ndipo maelewano yalipoishia. Mtu, gari, mstari wa kuvuka (ule unaouchora juu ya picha ili kamera ikujulishe mtu akiuvuka), vyote vilibaki ndani ya kamera, NVR haina habari navyo. Paka akipita juu ya mabomba, simu inalia. Upepo ukipuliza turubai, simu inalia. Wiki moja nikazima kabisa taarifa za stoo, yaani nimenunua mlinzi kisha nikamziba mdomo.

Mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta akaja na laptopu, akaingia kwenye kamera moja kwa moja kwa anwani yake ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao. Menyu zote tukazikuta! Ila kuchora mstari kulihitaji kuona picha, na picha haikutokea, kwa kuwa ukurasa ule ulidai kijiprogramu cha Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft ilikifunga Juni 2022. Akatumia Edge kwenye hali ya kuiga Internet Explorer, picha ikaja, tukachora mstari mbele ya mlango wa stoo. Tukaweka kadi ya kumbukumbu ndani ya kila kamera ili irekodi matukio yenyewe, na simuni nikapakua programu ya kampuni ile ya pili. Kwa hiyo sasa nina programu mbili za kulinda duka moja. Inafanya kazi. Sipendi.

Humo humo tukagundua saa za kamera za stoo zinasoma saa za China, ambako wako mbele yetu kwa saa tano. Tukio la saa nne asubuhi linaandikwa 15:00. Nilikuwa nikitafuta tukio na kukosa, nikidhani kamera hairekodi. Tukaweka UTC+3, yaani saa zetu, na kuziacha zijisahihishe kwa mtandao.

Sauti? Boksi la seti lilikuwa na alama ya maikrofoni. Nilipekua menyu zote, kama mtu wa kushirikishwa, kama mwenye mashine, kama nani sijui. Hii kweli haipo. Kamera hizo zinatoka matoleo mawili yanayofanana kama mapacha, moja lina maikrofoni na jingine halina, na tofauti ni herufi moja mwishoni mwa namba ya modeli. Boksi ni moja kwa yote mawili. Laiti ningesoma kibandiko cha kwenye kamera badala ya picha za kwenye boksi. Muuzaji amekubali kubadilisha nikiongeza pesa kidogo, nikakataa. Wateja wangu wananong'ona bei mbele ya kaunta, sioni sababu ya kuwarekodi.

Na nondo? Utafutaji wa watu hausaidii video za zamani, unafanya kazi kwa zile tu zilizorekodiwa wakati utambuzi umewashwa. Kwa hiyo nilikaa na chai nikazitazama kwa kasi ya mara nane, mchana baada ya mchana, hadi nikafika siku ya lori. Walishusha mafungu, kijana wangu akasaini karatasi akiwa anaongea na simu, na fungu moja likabaki juu ya lori likaondoka nalo. Hazikuwahi kuingia dukani. Msambazaji nilimtumia kipande hicho cha video, akaleta nondo zangu Jumatatu iliyofuata, na kijana wangu nikamwomba msamaha kwa macho niliyokuwa nikimtazama nayo wiki nzima.

Kamera za seti nazipa nyota nne kati ya tano. Za stoo nazipa mbili, na zikiharibika nitanunua za kampuni ya NVR yangu hata kama bei ni juu. Mpwa wangu anasisitiza tusasishe pia famwea, ile programu ya ndani ya kamera, ya zote sita. Nimemwambia asubiri ninunue UPS kwanza, ile betri ya akiba, kwa umeme wetu huu ukikatika katikati ya kazi hiyo nitabaki na kamera za mapambo.