Ubuntu 24.04 inamwaga makosa ikiwaka? Usifute mfumo, tazama hii kwanza

Jamani, msiogope! Haya maandishi mnayoyaona yakishuka kwenye skrini ndiyo sababu ya video ya leo. Karibuni tena. Laptopu hii ilikuwa na Ubuntu 22.04, mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Linux, nimeipandisha hadi 24.04, na sasa kila ikiwaka inamwaga makosa. GNOME 46, yaani mwonekano wa dawati, na rangi za folda, hayo mmeshayaona kwingine, tunayaruka.

La kwanza, "ACPI BIOS Error (bug)". Hili linatisha watu mpaka wanafuta mfumo mzima. Usifute! Hapo kerneli, yaani kiini cha mfumo, inalalamikia majedwali ya kusimamia umeme na vifaa ambayo mtengenezaji wa kompyuta aliyaweka ndani ya BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha mashine. Kama sauti, waifai na betri viko sawa, achana nalo.

La pili ndilo linaloniudhi. Tazama: "A start job is running for /dev/disk/by-uuid", inafuata namba ndefu ya kutambulisha sehemu ya diski, na saa inahesabu mpaka dakika moja na nusu. Sekunde 90 umekaa tu! Na hawakwambii ni kitu gani kinasubiriwa, wanakutupia namba. Hapo nawakata maksi.

Sasa msiondoke, kinakuja kitu ninachokipenda kuliko vyote. Fungua teminali, andika hivi: journalctl -b -p err. Amri hii inasoma shajara, yaani kumbukumbu za mfumo. Hiyo b inaleta mwasho wa sasa tu, yaani tangu mashine ilipowashwa. Hiyo p err inabakiza makosa na kuchuja porojo zote. Mnaona? Lundo lote lile limebaki mistari michache ya kusomeka. Na kama ilikwama kabisa, ukalazimika kuizima kwa kitufe? Ongeza -1, yaani journalctl -b -1 -p err. Inakuletea mwasho uliopita! Ilimradi mfumo uliwahi kuifungua diski kabla ya kukwama, shajara imeandikwa. Weka -2, unarudi nyuma zaidi. Nairudia polepole kwa wanaoandika: journalctl, nafasi, -b, nafasi, -1, nafasi, -p, nafasi, err. Windows nao wana Event Viewer ya kusoma kumbukumbu kama hizi, lakini utabofya mpaka uchoke.

Haya, shajara inasema kinachokosekana ni swap, sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa. Andika sudo blkid (sudo ni ruhusa ya msimamizi, blkid inaorodhesha namba za diski), kisha linganisha na faili la /etc/fstab, orodha ya diski ambazo mfumo unazifungua ukiwaka. Namba hazifanani! Laptopu hii ina Linux nyingine pembeni, na ilipokuwa inasakinishwa, swap ilifomatiwa upya ikapewa namba mpya. Kwa hiyo Ubuntu namrudishia nusu ya maksi nilizomkata, kosa la namba si lake. Kosa la ujumbe usioeleweka linabaki palepale.

Weka namba mpya kwenye fstab. Angalia pia faili la /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, nalo hutaja swap, kama lina namba ya zamani lirekebishe, halafu sudo update-initramfs -u, ili faili la kuwashia mfumo lichukue mabadiliko. Kabla hujawasha upya, piga sudo findmnt --verify. Inakagua fstab na kukuonyesha ulipokosea. Hatua hii msiiruke, maana kosa kwenye fstab linaweza kukutupa emergency mode, hali ya dharura yenye maandishi tu.

Na ikigoma kuwaka kabisa, hasa wenye kadi za picha za NVIDIA: wakati wa kuwaka bonyeza Esc, au shikilia Shift kwenye mashine za zamani, ingia Advanced options, chagua kerneli ya awali. Ikiwaka, umeshajua tatizo liko kwenye kerneli mpya au draiva yake.

Bei? Bure, na masasisho ya kawaida hadi 2029. Ubuntu Pro, inayoongeza miaka ya masasisho ya usalama, pia ni bure kwa mashine tano za mtu binafsi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa hiyo laptopu nyingi za mtumba zinakuja huku. Ndiyo maana wiki ijayo kwenye chaneli naijaribu Linux nyingine, Debian 13, jiungeni mapema.

Nawasha upya... ile saa haipo! ACPI bado ipo, haina neno. Ukikwama kwako, nitumie mistari ya journalctl kama maandishi, pamoja na jina la laptopu yako, nami nitaisoma.