Trekta au Pawatila ya Mtumba: Ipi Inafaa Shamba la Tanga

Mkulima wa mkoa wa Tanga anayetafuta mashine ya kulimia iliyokwisha kutumika hukutana na aina tatu kuliko nyingine zote: trekta la Massey Ferguson, pawatila ya Kichina ya magurudumu mawili, na trekta dogo la mtumba kutoka Japani. Kila muuzaji atamhakikishia kwamba mashine yake inalima popote. Hakuna mashine ya namna hiyo, na kwa kuwa fedha inayotolewa hapa mara nyingi ni akiba ya misimu kadhaa au bei ya ng'ombe waliouzwa, naona ni wajibu kueleza wazi ipi inafaa wapi, na kwa nini ninazipanga hivi.

Kinachoamua kwanza ni udongo. Ukanda wa pwani, kuanzia Mkinga hadi Pangani, una maeneo mengi ya mchanga mwepesi. Huko Handeni kuna ardhi ambayo mvua ikikatika inakauka ikawa kama tofali. Na mabonde ya mpunga, kama la Mombo wilayani Korogwe, yana udongo mzito unaonata. Tena mashamba mengi yanayolimwa leo yalikuwa ya mkonge zamani, na visiki vyake vyenye nyuzi bado vimo ardhini.

Kwa mwenye ekari kumi na kuendelea za mahindi au muhogo, au anayetaka pia kuwalimia majirani kwa malipo, nafasi ya kwanza naipa Massey Ferguson 240, na pamoja nayo mtangulizi wake, 135, iliyoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Zote mbili zinajulikana kwa injini ya Perkins ya dizeli yenye silinda tatu na ujazo wa lita 2.5, ambayo mafundi wengi wa matrekta wameifungua na kuifunga mara nyingi kiasi cha kutohitaji kitabu. Kwa kuwa 240 imeendelea kutengenezwa Pakistani, pistoni, ringi, laina na gaskiti mpya bado zinapatikana. Nguvu zake, takribani farasi 45 hadi 50, zinatosha kuvuta plau ya diski mbili, na diski ikikutana na kisiki hupanda juu yake na kuendelea, ambapo jembe la aina nyingine lingenasa.

Trekta kuukuu, hata hivyo, hupakwa rangi upya kwa urahisi sana, kwa hiyo ukaguzi wake unahitaji subira. Niliwahi kwenda Korogwe na fundi mmoja mzee kuangalia 240 iliyong'aa kama mpya. Kabla ya salamu kwisha, alikuwa ameshaweka kiganja juu ya injini, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hii imeshawashwa asubuhi hii. Tungoje ipoe." Tulikaa chini ya mwembe kwa muda wa karibu saa tatu. Ilipowashwa ikiwa baridi ilizungushwa muda mrefu kabla ya kushika, ikatoa moshi wa buluu ambao haukukoma hata ilipopata moto, na fundi alipofungua kifuniko cha kujazia oili, mvuke ulisukuma nje kwa mapigo kama wa sufuria inayochemka. Ringi zilikuwa zimekwisha. Tangu siku hiyo sikagui trekta lililokwisha kuwashwa, hata mwenyewe awe na haraka kiasi gani.

Baada ya injini, nyanyua plau juu, zima trekta, kisha itazame. Ikishuka polepole kwa dakika kadhaa si kitu cha kutisha, lakini ikianguka mara moja, haidroliki, yaani mfumo wa oili unaonyanyua plau, ina gharama inayokungoja. Chomoa kijiti cha kupimia oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Zungusha usukani kushoto na kulia na uangalie ni kiasi gani unazunguka kabla magurudumu ya mbele hayajageuka. Angalia pia matairi ya nyuma, kwa sababu jozi mpya inaweza kula sehemu kubwa ya punguzo ulilolipigania kwa dalali.

Nafasi ya pili ni ya pawatila, ingawa kwa mkulima wa mpunga mwenye majaruba madogo ningeiweka ya kwanza bila kusita. Ni nyepesi, haizami kama trekta kubwa, inageuka ndani ya jaruba bila kubomoa kingo, na ikifungwa magurudumu ya chuma inavuruga tope vizuri. Zilizoenea ni za farasi 12, zenye injini ya S195, na za farasi 15, zenye injini ya ZS1100. Kama bei zinakaribiana, chukua ya 15. Nyingi zilisambazwa nchini baada ya Kilimo Kwanza, mpango wa serikali wa kukuza kilimo, kutangazwa mwaka 2009, na baadhi zilipelekwa kwenye ardhi kavu isiyozifaa, zikaishia kuvuta tela. Mimi mwenyewe nililipia kosa hilo: nilinunua moja kwa ajili ya ekari nne za mkonge wa zamani huko Muheza, na kila baada ya hatua chache nyuzi za visiki zilijizungusha kwenye rotaveta, yaani visu vinavyozunguka kuchimba udongo, hadi ikasimama. Nilitumia muda mwingi kukata nyuzi kwa panga kuliko kulima.

Unapoikagua, zungusha hendeli ya kuwashia kwa mkono bila kuifungulia pumzi, yaani bila kulegeza mgandamizo wa hewa ndani ya silinda; injini nzima inakataa kwa nguvu, iliyochoka inapita kirahisi. Kisha, mashine ikiwa imesimama usiku kucha, legeza kidogo nati ya kumwagia oili ya giaboksi. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama sili za ekseli zimekuwa zikipitisha maji ya jaruba, yatatangulia kutoka. Jaribio hili huchukua dakika mbili na linafichua ugonjwa unaoua pawatila nyingi za mpunga.

Ya tatu ni trekta dogo la Kijapani, Kubota, Yanmar au Iseki, la farasi 13 hadi 25 hivi. Ni mashine nzuri kwa uhandisi wake: mengi huvuta kwa magurudumu yote manne (kwa Kubota, herufi DT baada ya namba ndizo zinazoonyesha hivyo), huja na rotaveta yake, na ufupi wake unaliwezesha kupita chini ya matawi ya michungwa ya Muheza pasipopita 240. Ninaliweka chini kwa sababu moja tu, nayo ni spea. Mengi yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, kwa hiyo kabla ya kulipa andika namba ya modeli na ya injini, uende nazo dukani ukaulize chujio, gaskiti na diski ya klachi. Usipopata hata kimoja, liache. Mita inayohesabu saa za kazi za injini isikushawishi pia. Tazama pedali zilivyolika.

Mashine ndogo za petroli za kusukuma kwa mikono zinafaa matuta ya mboga ya Lushoto, ambako watu wawili wanaweza kuibeba hadi shambani. Kwa shamba la ekari nyingi sizipendekezi.

Hati nazo zikaguliwe kwa umakini uleule. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na kadi ya usajili, na uhakikishe anayeuza ndiye aliyeandikwa. Kama mashine ni ya kikundi au ushirika, dai muhtasari wa kikao kilichoridhia mauzo, wenye saini za viongozi, na uulize kama mkopo wake umemalizwa.

Mwezi unaofaa kununua ni Juni au Julai, kazi ya masika ikiwa imekwisha na wenye mashine wakihitaji fedha, kwani kuanzia Februari kila mtu anatafuta na bei hupanda. Toa sehemu ya malipo kwa maandishi, mafuta yawe juu yako, kisha mashine ilime ekari moja nzima ndani ya shamba lako mwenyewe kabla hujatoa salio.