Chumvi na sukari: zinafanana kwa macho tu

Ukiziweka kwenye kijiko huwezi kuzijua bila kuonja, ila ndani ni mbingu na ardhi. Kwenye chumvi sodiamu inaipa klorini elektroni moja, zinabaki ioni (atomu zenye chaji) chanya na hasi zimeng'ang'aniana kila upande, ndo maana haiyeyuki mpaka 801°C. Sukari yenyewe atomu zinachangia elektroni, kaboni 12, haidrojeni 22, oksijeni 11, hiyo molekuli moja, halafu molekuli na molekuli zimeshikana kilegelege tu, weka kwenye sufuria kavu inageuka kahawia fasta wakati chumvi inakutazama. Zote zinapotea kwenye maji, lakini chomeka betri na kibalbu: maji ya chumvi yanapitisha umeme kwa zile ioni zake, ya sukari wapi! Kuonyesha jinsi atomu zinavyoshikana kunavyobadili tabia ya kitu, mi naupenda mfano huu kuliko ule wa almasi na grafiti (ile ya ndani ya penseli), nani ana almasi ya kuchezea?