Bondi imekwisha: utumikie notisi au uilipe?

Bondi ya masomo, yaani ahadi ya kumtumikia kwa muda fulani mwajiri aliyekulipia masomo, ikiisha, mkataba wa ajira bado upo. Kwa mfanyakazi wa Kenya anayelipwa kwa mwezi na anayetaka kuacha kazi, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya maandishi ya siku 28, au zaidi mkataba ukisema hivyo.

Ukiitumikia, mshahara unaendelea, na unapata nafasi ya kukabidhi funguo, laptopu na faili, kila kimoja kikitiwa sahihi. Hakikisha nakala ya barua yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Ukiilipa, unamlipa mwajiri kiasi sawa na mshahara wa kipindi hicho na kuondoka leo. Hilo linafaa kazi mpya isipoweza kusubiri. Vinginevyo ni hasara tupu, na mimi ningetumikia.

Vyovyote vile, dai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinakupa haki hiyo.