Kontrol boksi la Hilux: boksi zuri, watu hovyo

Nianze na salamu, maana ndiyo iliyoniuma kuliko hela. Nimeingia pale duka la spea Gerezani, Dar, mtu mzima, mvi kichwani, nimetoka Morogoro asubuhi na mapema, kontrol boksi la gari langu, yaani kompyuta ya injini, nimelibeba ndani ya kitenge cha mke wangu kama mtoto mchanga. Kijana kakaa nyuma ya meza, kiyoyozi kinampuliza, kompyuta mpakato iko mbele yake. Shikamoo hakuna. Hata macho hakuinua. Akasema, "Weka hapo."

Nikaweka.

Gari lenyewe ni Hilux, ile D-4D ya lita 3.0, injini 1KD. Wanaozijua wanazijua, sina haja ya kueleza. Linapanda Nyandira kufuata kabichi na karoti, linashuka mpaka Sangasanga, na watoto wangu wamesoma kwa mgongo wake. Kuna kipindi, vuli ilikuwa bado haijakolea, likaanza kunizimikia. Asubuhi linawaka vizuri tu. Likishapata moto, uko kwenye zile kona za Mgeta na mzigo umejaa, taa ya injini inawaka, nguvu inakata, linazima. Unakaa kando ya barabara nusu saa unafukuza nzi kwenye kabichi. Unapiga stata, linawaka kama vile si lenyewe lililokuaibisha.

Mafundi wa mtaani walinila. Sensa ya krenki ikabadilishwa, valvu ya kwenye pampu ikabadilishwa, filta ya dizeli mara mbili, na kila aliyekuja alikuwa na uhakika kuliko aliyemtangulia. Mmoja aliapa kabisa. Mpaka akatokea mmoja mkimya, akashusha kidroo cha dashibodi upande wa abiria, akalifikia boksi huko nyuma, kisha akatuma mtoto akaazime mashine ya kukaushia nywele saluni ya jirani. Gari linanguruma pale pale limesimama, yeye anapuliza boksi hewa ya moto. Dakika tano hazikufika, likazima. Tukaliacha lipoe, likawaka. Akapuliza tena, likazima tena. Nilitamani nimkumbatie. Baada ya miezi ya kubahatisha, ugonjwa umepatikana kwa mashine ya saluni!

Kabla ya kulichomoa nikalitia alama: doa la rangi ya kucha ya mama watoto, nyekundu, kwenye pembe karibu na soketi. Ujanja wowote sikuwa nao. Nilitaka tu nikumbuke upande upi unakaa juu.

Ndipo nikapanda treni ya SGR pale Kihonda, chini ya saa mbili niko Dar, na boksi mapajani. Sasa rudi na mimi kwa yule kijana. Akasoma namba iliyobandikwa juu yake, ile inayoanza na 89661, akaenda shelfuni, akarudi na lingine. Namba zilifanana mpaka mwisho, nilizihakiki mwenyewe kwa miwani. "La Dubai hili, safi. Unachomeka, unaondoka." Nikamuuliza, na funguo je, haina shida na boksi la gari jingine? Maana nilishasikia watu wanasema. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mzee, hii siyo Land Rover 109 ya kusukuma. Wewe chomeka tu."

Vijana wawili waliokuwa mlangoni wakacheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo, kwamba nilicheka nao.

Nikatoa shilingi 950,000. Risiti ya mkono, imeandikwa "spea", basi. Nikataka boksi langu bovu, akasema, "La nini hilo mzee, takataka, tutakutupia." Nami nilikuwa nawaza treni isiniache, nikakunja kitenge nikaondoka.

Nyumbani tukachomeka. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Kwenye dashibodi ile taa nyekundu ya funguo inapepesa, inapepesa. Nikampigia simu. "Fundi wako hajui kazi." Nikampigia tena, haikupokelewa. Nadhani nilipiga mara ishirini siku ile, na sijivunii maneno niliyoyatuma kwa meseji.

Jirani akanielekeza kwa kijana mmoja Msamvu, anafanyia kazi chini ya mwarobaini, meza yake ni mlango wa zamani juu ya matairi. Mikono imejaa grisi, akaninyoshea kifundo cha mkono nimshike hapo. "Shikamoo mzee wangu." Jamani, machozi yalinilenga. Kumbe inawezekana mtu akajua kompyuta na bado akaamkia!

Akanieleza bila haraka. Ndani ya kichwa cha funguo kuna chipu, na kila boksi linajua funguo za gari lake tu. Ukilichomeka kwenye gari jingine linaona mwizi, linakata dizeli. Zile siri zinakaa kwenye chipu nyingine ndogo ndani ya boksi, yenye miguu minane, kama mdudu. Inang'olewa kwenye boksi la zamani inahamishiwa kwenye jipya, na boksi linajiona liko kwao. "La zamani liko wapi, mzee?"

Nikamwambia limetupwa. Akaweka bisibisi chini. "Lifuate. Hata kama liko jalalani, lifuate."

Treni tena. Safari hii sikusubiri kuambiwa weka hapo. Nimeingia, macho yangu yamekwenda moja kwa moja shelfuni, na pale katikati ya wenzake, limefutwa vumbi, limebandikwa karatasi ya gundi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito "1KD NZIMA", limekaa boksi langu. Na doa lake jekundu kwenye pembe.

"Lile ni langu," nikasema.

"Yanafanana hayo, mzee."

"Yanafanana mpaka rangi ya kucha?"

Akanyamaza. Nikalishusha mwenyewe. Vijana wa mlangoni siku hiyo hawakucheka. Akatoka bosi wao chumba cha nyuma, mtu wa makamo, akaniita kaka, akaagiza nipewe soda, akasema vijana wamechanganya. Neno samahani halikumtoka. Soda nilikunywa, sitasema uongo, jua lilikuwa kali. Ila fikiria mwenzangu mmoja angelibeba lile boksi kwa hela yake, akaenda kuzimikiwa kwenye mlima wake huko, na mafundi wake wakaanza upya na sensa ya krenki. Na shelfuni pale mengine mangapi yameandikwa nzima?

Kijana wa Msamvu akaihamisha ile chipu kwa mashine ya hewa ya moto, huku kabana pumzi. Swichi, stata, likashika. Lilikuwa linagonga kidogo likiwa baridi, akachukua tochi na kioo kidogo cha kujitazamia akaanza kusoma maandishi juu ya nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini. Kila nozeli ina kodi yake, yaani "code", herufi na tarakimu 30, na boksi linatakiwa liambiwe. Mbili kati ya zangu ziliwahi kubadilishwa zamani na hakuna aliyewahi kuziingiza. Miaka yote nimeendesha gari linalogonga nikidhani ndio umri! Akaziingiza moja moja, mimi nasoma, yeye anaandika. Kugonga kukatulia.

Halafu wakati ananawa mikono akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mzee, kabla halijaanza kuzima, ulichomelea kitu kwenye gari?"

Nikakaa kimya. Keria. Nilipeleka lichomelewe mabomba ya keria, kama wiki moja hivi kabla. Betri haikufunguliwa, najua haikufunguliwa kwa sababu nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kiti nakula mihogo, redio ya gari inaimba. Hakusema ndiyo sababu. Alisema umeme wa kuchomelea unaua haya maboksi, lazima terminali za betri zitolewe kwanza, basi, akaendelea kunawa.

Sasa nimlaumu nani? Nilikaa chini kuandika haya nikiwa nimeshajipanga kusema msinunue pale kabisa. Lakini nikisema kweli, boksi waliloniuzia halina kosa. Namba sahihi, bei si ya kuua, limeshapanda Nyandira sijui mara ngapi na gunia za karoti na halijazima hata mara moja. Kwa bidhaa, ningewapa alama za juu. Nilishaandika hapa "nendeni tu, ila muwe macho". Nimeifuta. Mtu aliyeweza kuandika "nzima" juu ya boksi bovu, atashindwa nini kukubandikia namba unayoitaka? Labda mimi nilibahatika tu. Msiende. Au mkienda, msiache chenu mezani, na rangi ya kucha iwe mfukoni.

Yule wa Msamvu alinitoza 120,000 kwa kazi yote, na nauli zangu za treni zilimhuzunisha kuliko mimi.

Boksi la zamani ninalo, liko juu ya kabati chumbani, bado ndani ya kitenge. Mama watoto ameshauliza mara tatu kitenge chake kinarudi lini.