Uzoefu wangu: Supermac's ya Barack Obama Plaza, Moneygall, Ayalandi

Ukitoka Dublin kwenda Limerick kwa barabara ya M7, toka barabarani pale Moneygall ule. Sisi nyumbani tukisafiri upande huo ndipo tunapopumzikia, na Mkenya yeyote anayepita Ayalandi ningemshika mkono nimpeleke.

Kituo chenyewe kinaitwa Barack Obama Plaza: mafuta, duka, vyoo na mikahawa, kilifunguliwa 2014. Falmouth Kearney, mmoja wa mababu wa Obama upande wa mama, aliondoka kijiji hiki mwaka 1850 akaenda Marekani. Mei 2011 Obama mwenyewe akaja kuwasalimia. Sisi tuliozoea kumhesabu wa Kogelo tunakuta huku nako anaitwa mtoto wa nyumbani, na kwa kweli raha yake huwezi kuieleza. Ghorofani kuna makumbusho, wapandishe watoto.

Ila nilichokuja kusifia ni chakula. Supermac's, mikahawa ya vyakula vya haraka ya Kiayalandi, ilizaliwa 1978 Ballinasloe, mji mdogo wa Kaunti ya Galway. Mwanzilishi wake, Pat McDonagh, alikuwa mwalimu, na "Supermac" ni jina alilobandikwa akicheza kandanda ya Kigaeli, mpira wa jadi wa Ayalandi. Sasa ina matawi zaidi ya 100, na utaikuta hata kwenye miji ya magharibi ambayo wageni hawaijui kwa jina. Hapo ndipo inaponikosha. McDonald's ilipowabana kwa sababu ya jina, hawakurudi nyuma. Kesi ilivutana miaka, na 2024 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba McDonald's haiwezi kulihodhi jina Big Mac, la baga yake maarufu, kwa vyakula vya kuku.

Agiza chipsi za kitunguu saumu na jibini. Zinakuja zinafuka mvuke, nene, jibini limeyeyukia hadi chini. Ukiinua uma linavutika nyuzi nyuzi, na sosi ya kitunguu saumu imejikusanya kwenye pembe za boksi, hapo ndipo penye utamu wote. Chipsi za taco, zenye nyama ya kusaga na viungo, ni nzito, boksi moja mle wawili. Wanangu hawataki kingine ila vipande vya kuku na chipsi. Kama huli bila pilipili, beba yako. Na anayekula halali tu aulize kaunta kwanza kabla ya kulipa.

Mkishashiba msirudi barabarani moja kwa moja. Ingieni kijijini, ni karibu sana. Nyumba zimepanga mstari pande mbili za njia, na baa aliyonywea Obama bia yake ya Guinness ipo hapo hapo.

Jumapili za mechi kubwa ya hurling, mchezo wa jadi wa Ayalandi wa magongo na mpira, kule Dublin, mashabiki wa Limerick hujaa na jezi zao za kijani na foleni huwa ndefu. Siku hizo fikeni wakiwa wameshapita.